"Faili limekufa": uchambuzi wa kisa cha video zilizogoma kwenye Ubuntu, Moshi

Kisa hiki kimetokea kwenye duka la steshenari jirani na stendi kuu ya Moshi. Nakiandika kirefu kwa sababu najua hakiko peke yake. Kompyuta za mtumba zinazowekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, zinaongezeka kila mwaka, madukani, mashuleni na majumbani, na wapo mafundi wanaokabidhi mashine kabla hawajafungua hata video moja.

Kilichotokea

Duka lina kompyuta tatu. Zilikuwa na Windows, na kila mara zilishikwa na virusi vya flashi, vile vinavyoficha mafolda ya mteja na kumwachia njia za mkato zisizofunguka. Mwenye duka alichoka kulipia usafi usioisha, akatafuta fundi akamwekea Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kwenye zote tatu. Kazi ilifanyika bila intaneti. Nilipompigia fundi huyo baadaye alithibitisha kwamba ule ukurasa unaouliza kama uongezewe programu za nje kwa ajili ya kadi ya picha, Wi-Fi na miundo mingine ya sauti na video, aliupita bila kuweka tiki.

Virusi vilikoma kweli. Kuchapa, kuskani, kutoa kopi, kujaza fomu za mtandaoni, yote yaliendelea. Ila wateja wakaanza kuambiwa maneno ambayo zamani hayakusikika sana pale: faili lako limekufa.

Mama mmoja wa Uru alifika na flashi yenye video moja. Ndani ya video hiyo baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, anatembea kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kuonyesha mipaka, anashika sale moja, mmea wa kuwekea mpaka, anakwenda kwenye jingine, na kila anaposimama anataja nani alipanda na wakati gani. Mjukuu anayeishi Ujerumani ndiye aliyeipiga kwa iPhone alipokuja likizo ya Desemba. Ukoo ulikuwa na kikao Jumamosi, na sehemu moja ya mpaka ilikuwa na mgogoro. Mama alitaka video inakiliwe kwenye flashi nyingine mbili, lakini kwanza ichezwe aione.

Kijana wa duka alibofya. Pleya ikafunguka nyeusi, juu yake ujumbe wa Kiingereza. Akajaribu kompyuta ya pili, ikawa vilevile.

"Mama, hii imekufa. Itakuwa ilikatika wakati wa kuhamisha."

"Mwanangu, imekufaje na jana usiku tumeiangalia kwenye simu?"

Kijana akamwambia simu huwa zinalazimisha, kompyuta ndiyo inayoonyesha ukweli. Akamshauri arudi amwambie mjukuu aitume upya, na flashi aiformati ili isiharibu nyingine. Bahati njema mama hakukubali flashi yake ifutwe. Akakaa kwenye benchi, na mwenye duka akanipigia.

Kwa nini kijana aliamini anachosema

Ni rahisi kumlaumu, na sikubaliani na lawama hiyo. Alikuwa na ushahidi, tena wa kutosha. Kwenye kompyuta ileile nyimbo za kwaya za MP3 zilicheza. Sauti za WhatsApp alizopokea kwenye flashi zilicheza. YouTube ilicheza bila tatizo. Mtu akiona mambo yote hayo yanafanya kazi, atahitimisha nini kuhusu video moja inayogoma? Kwamba kompyuta ni nzima na ubovu uko kwenye faili. Mantiki ni sahihi. Kilichokosekana ni kujua kwamba kila kimoja kati ya vilivyocheza kilikuwa na sababu yake tofauti ya kucheza.

Faili la video ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kuna ganda, ndilo linaloonekana kwenye jina: .mp4, .mov, .mkv. Ndani ya ganda kuna picha na sauti zilizobanwa kwa kanuni fulani ili zisijaze simu, na programu inayobana na kubanua kwa kanuni hiyo ndiyo kodeki. Ganda likiwa zima na kodeki haipo, kompyuta inajua kabisa kwamba hii ni video, inajua hata jina la kanuni iliyotumika, lakini haiwezi kuonyesha chochote.

Sauti za WhatsApp zimebanwa kwa Opus. Opus iko wazi kwa kila mtu kuitumia bila kulipa, kwa hiyo Ubuntu inakuja nayo. YouTube inatoa video zake kwa VP9 na AV1, ambazo nazo waliozitengeneza hawadai ada, na kivinjari kina visomaji vyake, yaani kodeki za kubanua, ambavyo havitegemei pleya ya kompyuta. MP3 ina historia ndefu zaidi. Ilikuwa imefungwa na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, kwa miaka mingi, na mpango wa kuitoza ada ulifungwa rasmi Aprili 2017. Mwaka uliofuata, watengenezaji wa GStreamer, mtambo ambao pleya ya Ubuntu inautegemea, waliihamisha MP3 kutoka kwenye kifurushi cha vitu vyenye utata wa kisheria na kuiweka kwenye kile kinachosambazwa bila wasiwasi. Kama kisa hiki kingetokea mwaka 2012, nyimbo za kwaya nazo zingegoma, na pengine kijana angeshuku kompyuta mapema.

Video ya mzee ilikuwa na picha ya H.265, ambayo pia huitwa HEVC, na sauti ya AAC. Zote mbili ziko upande wa pili wa mstari: zina hataza, na Ubuntu haiji nazo.

Kulikuwa na mteja mwingine kabla ya mama huyu, mpiga picha wa harusi aliyeleta mafaili ya .MOV kutoka kwenye kamera yake. Pale sauti ilisikika na picha haikuja. Kijana alimwambia picha zimeungua, sauti ndiyo iliyosalia. Kamera nyingi za aina hiyo hurekodi picha kwa H.264 lakini sauti huiacha bila kuibana, hivyo haihitaji kisomaji chochote cha pekee. Dalili hiyo peke yake, sauti ipo na picha hakuna, ilitosha kuonyesha kwamba faili ni zima.

Jinsi ya kutofautisha

Nilipofika, mama nilimsalimia, nikamwomba nianze na flashi yake bila kuandika chochote ndani. Tuliiunganisha kwenye simu yangu kwa OTG, kile kiunganishi cha kuchomekea flashi kwenye simu. Video ikacheza. Mama akasema kwa utulivu, "Nilimwambia." Kwa mtu asiye fundi, jaribio hilo linatosha.

Kwa fundi kuna hatua mbili zaidi. Ya kwanza ni amri ya `file`, ambayo Ubuntu inakuja nayo. Andika `file` na jina la video. Ikijibu kwamba ni ISO Media, Apple QuickTime, basi mwanzo wa faili unasomeka vizuri. Ya pili ina uzito zaidi. Faili la .mov au .mp4 lililotoka kwenye simu kwa kawaida hubeba faharasa yake mwishoni, sehemu inayoitwa moov. Kunakili kukikatika katikati, mwisho ndio unaopotea, na faharasa inapotea nao. Ukiikagua video ya namna hiyo kwa `ffprobe`, programu ya kukagua mafaili ya video, jibu ni `moov atom not found`. Huko ndiko kufa kwa kweli, na ujumbe wake haufanani hata kidogo na ule wa kukosa kodeki.

Ujumbe aliouona kijana ulisema wazi: kisomaji cha H.265 na kisomaji cha AAC vinahitajika, na havijasakinishwa. Haukutaja faili kuharibika. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza cha kifundi, kwenye dirisha jeusi, na mteja amesimama kaunta akisubiri. Kwa mazingira hayo sioni ajabu kwamba hakuusoma hadi mwisho. Aliyeweka mfumo ndiye aliyepaswa kuhakikisha ujumbe huo hautokei.

Kwa nini Ubuntu inakuja bila vitu hivi

Watu wengi wakielezwa hili hukasirika, na hasira yao naielewa: mfumo gani huo usiofungua video? Jibu liko kwenye hataza, si kwenye uwezo wa waandishi wa programu. Programu huria ya kusoma H.264 na H.265 ipo, ni bora, na imekuwapo kwa miaka mingi. FFmpeg ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000 na hadi leo inasoma karibu kila kitu.

H.264 ilikamilishwa mwaka 2003. Mawazo yaliyomo ndani yake ni ya makampuni mengi, na hataza zao zikakusanywa kwenye kapu moja lililosimamiwa na MPEG LA ya Marekani, ambayo tangu 2023 imo ndani ya Via LA. Kwa masharti yaliyotangazwa, anayesambaza bidhaa yenye kodeki hiyo hakulipa kwa nakala 100,000 za kwanza kwa mwaka, kisha alilipa senti 20 za dola kwa kila nakala, na senti 10 akivuka milioni 5. Kwa kampuni inayouza televisheni, hiyo ni hesabu ya kawaida. Kwa mfumo unaopakuliwa bure, ukanakiliwa kwenye flashi, ukapita kutoka mkono hadi mkono mpaka Moshi, hakuna anayeweza kuhesabu nakala, achilia mbali kuzilipia. H.265, iliyotoka mwaka 2013, ikaongeza ugumu: hataza zake hazikukaa kwenye kapu moja, na anayetaka kuwa salama ilimbidi akubaliane na zaidi ya msimamizi mmoja.

Kila mradi wa Linux umetafuta njia yake. Ubuntu huviacha nje visomaji hivi na kumwachia mtumiaji achague mwenyewe kuviongeza. Linux Mint ilikuwa ikija navyo, ikaviondoa kuanzia toleo la 18 mwaka 2016, na badala yake ikaweka kisanduku cha kodeki wakati wa kusakinisha. Fedora ni miongoni mwa iliyo mikali zaidi. Mtu anayeitumia huishia kuongeza RPM Fusion, hazina ya programu iliyo nje ya mradi. Mwaka 2013 Cisco ilitangaza kwamba itatoa kisomaji chake cha H.264 na kulipia ada yenyewe, jambo lililosaidia vivinjari hasa. VideoLAN, watengenezaji wa pleya ya VLC, wako Ufaransa, na msimamo wao ni kwamba sheria za huko hazitambui hataza za programu, hivyo wanasambaza kila kitu bila kusita.

Ninachokiona mimi ni kwamba uamuzi huu una maana kule ulikofanyiwa, kwenye nchi ambako mtumiaji ana intaneti ya nyumbani isiyokatika na kuongeza kodeki ni kubofya kitufe kimoja. Hapa kwetu kitufe kilekile kinadai bando, na kompyuta ya dukani inaweza kukaa miezi bila kuunganishwa. Pengo ambalo huko linazibwa jioni ya kwanza, hapa linabaki wazi na kuanza kuwagharimu watu wasiojua lolote kuhusu hataza.

Tulichofanya

Ushauri unaoenea sana ni kusakinisha `ubuntu-restricted-extras`. Unafanya kazi, lakini kwa duka kama hili sikuupenda. Kifurushi hicho kinabeba pia fonti za Microsoft, ambazo hupakuliwa kando, na katikati ya kazi hujitokeza ukurasa wa masharti ambao kipanya hakiwezi kuubofya. Mtu asiyejua kwamba inabidi abonyeze Tab hadi kwenye kitufe cha kukubali, kisha Enter, hufunga dirisha kwa nguvu na kuacha mfumo wa vifurushi umekwama. Fonti zenyewe zina faida yake kwa barua za wateja, ila zinaweza kusubiri siku yenye mtandao mzuri.

Kwa hotspoti ya simu tuliandika hivi:

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install gstreamer1.0-libav gstreamer1.0-plugins-bad gstreamer1.0-plugins-ugly ffmpeg`

Mwenye duka alishtuka kuona "bad" na "ugly" vinaingia kwenye mashine yake. Nilimweleza kwamba ni makundi ya watengenezaji wenyewe: "ugly" ni programu nzuri ambayo kuisambaza kunaweza kuleta matatizo ya kisheria, na "bad" ni zile ambazo bado hazijapitia ukaguzi wote. Hakuna hata moja inayodhuru kompyuta. Kinachobeba mzigo mkubwa ni `libav`, kwa kuwa ndicho kinachoiunganisha pleya na FFmpeg.

Ningeweza kuweka VLC peke yake na video ingecheza. Wengi hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba ukibofya faili mara mbili, inayofunguka bado ni ile pleya ya mwanzo, na ujumbe ni uleule, hadi ubadilishe mpangilio. Kijana angejikuta palepale siku ambayo mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake. VLC tuliiongeza baadaye, kwa sababu ina uvumilivu zaidi kwa mafaili yenye kasoro.

Niliandika `apt-get` kwa makusudi, na hili fundi mwenye bando dogo alishike. Amri fupi ya `apt` ikishamaliza kusakinisha hufuta vifurushi ilivyopakua. `apt-get` huviacha kwenye `/var/cache/apt/archives`. Tulivikusanya vyote vyenye mwisho wa .deb, tukaviweka kwenye flashi, tukavihamishia kwenye kompyuta nyingine mbili, na ndani ya folda yao tukaandika `sudo apt install ./*.deb`. Hizo mbili hazikugusa intaneti kabisa. Sharti ni kwamba mashine ziwe na toleo moja la Ubuntu, na kama moja ina programu za zamani sana kuliko nyingine, inaweza kudai kifurushi cha ziada.

Tatizo la pili, lililojificha nyuma ya la kwanza

Video ilifunguka. Sauti ya mzee ikasikika vizuri, lakini picha ikawa inakwama: anainua fimbo, anaganda, kisha anaonekana yuko mbele ya mgomba mwingine kabisa. Kijana alinitazama. Mama naye alinitazama.

Hili lilikuwa jambo jingine kabisa. H.265 inabana sana, na kubanua kwake kunaitaka prosesa ifanye kazi kubwa. Mashine mpya zina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kwa Intel ilianza kuwamo kikamilifu kwenye kizazi cha sita, mwaka 2015. Kompyuta za duka ni za zamani kuliko hapo, na video ilikuwa ya 4K, yaani yenye picha kubwa sana. Kisomaji kipo, nguvu haitoshi. Dalili zake ni kukwama kwa picha huku sauti ikiendelea, na feni kupiga kelele.

Dawa ni kutengeneza nakala nyepesi:

`ffmpeg -i asili.MOV -c:v libx264 -vf scale=-2:720 -pix_fmt yuv420p -c:a copy nakala.mp4`

Amri hii inabadili picha kuwa H.264 ya kimo cha 720 na kuiacha sauti kama ilivyo. Kwa mashine ile ilichukua muda mrefu kuliko video yenyewe, na mama alikunywa chai ya duka la jirani akisubiri. Kwenye kila flashi tuliweka vyote viwili, asili na nakala. Kwa ushahidi wa mipaka, asili haiguswi wala haifutwi: ndiyo yenye ubora wote, na ndiyo inayohifadhi tarehe ya kurekodiwa ndani yake. Nakala ni ya kuchezea siku ya kikao, kwenye televisheni ya nani sijui na kompyuta ya nani sijui. Mjukuu naye tulimtumia ujumbe kwamba kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, upande wa miundo, kuna chaguo la kurekodi kwa namna inayofunguka kwenye vifaa vingi. Akilichagua, simu itarekodi H.264 tangu mwanzo.

Waliokwisha kuambiwa

Kilichonisumbua zaidi ni wateja waliotangulia. Duka lina daftari la kazi, lenye majina na namba za simu. Tulikaa na kijana tukapitia kila mstari ulioandikwa "faili bovu" tangu Ubuntu iingie, na mwenye duka mwenyewe akapiga simu kwa kila mmoja: kama flashi au memori kadi bado unayo, usiifute, ilete bure.

Wengi walikuwa nazo bado. Mpiga picha wa harusi alikuwa amekwisha kufungua mafaili yake kwenye kompyuta nyingine na alikuwa ameshaacha kuleta kazi pale. Mzazi mmoja aliyekuwa na video za kipaimara cha mwanawe alishafuata ushauri aliopewa: aliformati memori kadi na kuendelea kupiga picha nyingine.

Tuliipokea kadi ile, tukaweka `testdisk`, kifurushi kinachokuja na PhotoRec, na kumwomba mzazi asiitumie tena kwa lolote. PhotoRec hupitia kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo za mafaili, na kile inachokipata unapaswa kukielekeza kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Video za misa zilirudi, na sasa zikafunguka. Za sherehe ya nyumbani zilikuwa zimefunikwa na picha mpya. Hizo hakuna programu inayoweza kuzirudisha, na mwenye duka alimwambia hivyo waziwazi, akamrudishia hela aliyotoa siku ile ya kwanza.